Flashi Isiyofukuza Mwanga wa Dirisha

Kila Jumamosi Chiriku, aliyebandikwa jina hilo kwa wingi wa maneno, alimsaidia shangazi yake katika studio ya picha. Jumamosi moja walifunga mapema. Ukoo mzima ulikuwa umekusanyika sebuleni kwa bibi, maana kesho yake kaka yake Chiriku angesafiri kwenda kusoma ng'ambo.

"Leo nami nataka kuonekana," shangazi alisema, akikaza kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. "Utapiga wewe. Dirisha liko nyuma yetu, bila flashi nyuso zitakuwa giza. Lakini ipunguze. Iusaidie mwanga wa dirisha, isiufukuze. Mkanda umebakiza picha mbili tu."

"Hayo kwangu ni maji ya kunywa, shangazi!"

Wakajipanga, bibi katikati. Mjomba alipoambiwa aingize kitambi ndani, wote wakaangua kicheko. Chiriku naye akacheka, akabonyeza. Flashi ikamulika kama radi.

Papo hapo Chiriku akakumbuka. Hakuwa ameipunguza!

Watu walishaanza kuinuka. Nani angejua? Picha ya mkanda haionekani mpaka isafishwe, na ikishasafishwa angeweza kusingizia mkanda mbovu. Kisha akamwona kaka yake akimshika bibi mkono ili asimame.

"Samahani," akasema. "Sikupunguza flashi. Picha nimeiharibu. Naomba mkae tena."

Mjomba akaguna. "Si ulisema maji ya kunywa?"

"Mwacheni mjukuu wangu," bibi akasema, akijishusha kitini taratibu. "Mimi mwenye magoti mabovu nimekaa, sembuse nyinyi!"

Chiriku akapunguza flashi, akaihakikisha tena, akawaomba watulie tuli. Akabonyeza.

Picha ziliposafishwa, ya kwanza ilikuwa na nyuso nyeupe kama zilizopakwa unga. Katika ya pili, mwanga wa dirisha uligusa ushungi wa bibi, na kila uso ulionekana vizuri, hata mikunjo ya tabasamu lake. Ungedhani hakuna flashi iliyowaka.

"Hii ndiyo tutakayomtumia kaka yako," shangazi alisema, akimkumbatia. "Flashi utaizoea tu, mwanangu. Kusema 'nimekosea' wakati hakuna anayejua ndiko kugumu, nawe umeweza. Kosa likisemwa mapema hurekebishika. Lingefichwa, tungelitundika ukutani tukaishi nalo."