Polepole, Vidole Wangu

Kwanza alidhani ni pumzi yake mwenyewe.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani akitia pindo suruali ya mteja, hedifoni masikioni, akisikiliza muziki aliounasa ukumbini Jumapili alasiri. Mumewe, mpiga kinanda ambaye bendi nzima ilimwita Vidole, ndiye aliyemnunulia kile kinasa sauti cha mfukoni, kidogo kama kibiriti.

"Wewe kaa mbele, bonyeza hapa, basi," alimwambia. "Nataka nisikie ninapokosea."

Sasa gitaa lilikuwa limenyamaza, kinanda kimebaki peke yake, na mtu akahema. Kisha sauti ya mwanamke, tamu, ya chini, ikasema: "Polepole, Vidole wangu."

Mguu wa mshonaji ukaganda kwenye kanyagio. Bendi ile haikuwa na mwanamke hata mmoja.

Mume aliporudi, mshonaji alimpakulia chakula, akakaa akimtazama anavyokula.

"Mbona unanikodolea macho kama askari?"

"Nani anakuita Vidole wangu?"

"Si kila mtu ananiita Vidole?"

"Wangu?"

Akacheka, lakini kicheko kikamkatikia njiani.

Tangu siku hiyo mshonaji alinasa kila onyesho. Alipekua mifuko ya suruali, akasoma simu ya mumewe, hakuambulia kitu. Lakini kila alipovaa hedifoni, yule mwanamke alikuwepo, akiimba kiitikio kabla waimbaji hawajakifikia, akicheka kidogo, na chumba cha kushonea kikijaa harufu ya maua yaliyosahaulika majini mpaka yakaoza, ingawa nyumba ile haikuwa na ua hata moja.

Mwisho akampelekea kinasa mpuliza saksafoni wa bendi, rafiki wa mumewe tangu ujana.

"Shemeji, usinifiche. Ni nani huyu?"

Mpuliza saksafoni akasikiliza, macho ameyafumba. "Simjui. Na jukwaani hakuwepo. Sisi tuko mbali, ngoma ziko mbali. Yeye anaongea karibu kabisa na mashine yenyewe." Akazivua hedifoni taratibu. "Shemeji, hiki kinasa ulikiweka wapi?"

"Pajani."

"Na pembeni yako alikaa nani?"

"Hakuna mtu."

Akamrudishia kinasa kwa ncha za vidole, akasogeza kiti chake nyuma.

Jioni mshonaji akakiweka mezani mbele ya mumewe. Vidole hakuuliza kuna nini.

"Umemsikia," alisema.

"Kumbe unamjua!"

"Namsikia kila ukilala." Alinong'ona kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Ni wewe, mke wangu. Mdomo ni wako, sauti siyo. Mwanzoni nilidhani una mwanamume mwingine, unamwota. Halafu nikaona hata ukumbini, nikianza kupiga tu, midomo yako inacheza. Nikashindwa kukuambia. Nikanunua hiki ili ujisikilize mwenyewe."

"Mimi nakuchunguza wewe," mshonaji akasema, "kumbe wewe unanichunguza mimi."

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache. Akafunga madirisha, akamketisha mshonaji sakafuni, akamwambia Vidole apige kinanda, asiache hata akiona nini. Muziki ulipoanza, mshonaji akahisi uzito ukimpanda kutoka mapajani, ukapita tumboni, ukamkaa kifuani kama mtu anayejisogeza apate kuona vizuri, na ile harufu ikazidi mpaka macho yakamchoma, na alipotaka kumwita mumewe akakuta ulimi umeshachukuliwa, unatoa maneno ambayo hakuyatunga, kwa sauti ile ile tamu aliyoichukia muda wote huu, na kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba Vidole, machozi yakimtiririka, hakukosea noti hata moja.

"Umemfuatia nini huyu?" mganga akauliza.

"Sikumfuata huyu. Nilitaka mahali pa kukaa, nisikilize."

"Toka kwake."

"Nitatoka kwake."

"Apa!"

"Naapa. Kwake nitatoka."

Mshonaji akaanguka. Alipoinuka alikuwa mwepesi kama mtu aliyeachiwa na homa. Usiku huo akalala kimya. Vidole alikesha akimsikiliza, na asubuhi akamkumbatia kwa furaha.

Mganga alikuwa amemkataza mshonaji kwenda ukumbini kwa muda, kwa hiyo Jumapili akabaki nyumbani na nguo zake. Vidole akarudi akipiga mluzi, uso umechangamka.

"Leo nimepiga, mke wangu! Sijawahi kupiga vile." Akaketi kuvua viatu. "Kuna mwanamke mmoja alikalia kiti chako. Huyo anajua muziki! Hata ule wimbo mpya, ambao bado uko kichwani mwangu tu, nilipougusa kidogo alikuwa anauimba."

"Wenzako walimwona?"

"Sikuwauliza. Kwa nini?"

Mshonaji akaweka sindano chini. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alimwomba Mungu mumewe awe na hawara.