Jino la Tumpe

"Cosmas, mbona unavuta?"

Rafiki yangu Tumpe aliuliza hivyo akiwa ndani ya pango dogo la mawe ya chokaa huko Ikuti, akilipima kwa tepu ya kitambaa kwa ajili ya ripoti ya chuo, akidhani mwenzake Cosmas ameshika ncha nyingine kule nje. Gizani akasikia mkwaruzo, kisha tepu ikavutwa kwa upande wa ndani, ikambamiza ukutani mara mbili, jino likang'oka. Akaiachia, akatambaa hadi nje anavuja damu.

"Nivute mimi?" Cosmas akashangaa. "Ncha ya huku nje si niliifunga kwenye mgomba huu?"

Wakaivuta tepu yote nje.

Sasa chuoni wanadai Cosmas alimpiga. Hoja hiyo naipinga, na ushahidi ninao mkononi: tepu imechanwa nyuzi tatu, ikasukwa kama nywele, jino la Tumpe limefungwa katikati. Naomba unisaidie kuifungua.