Njia Moja ya Kugawa 1,022,117

Simu ililia saa nane mchana katika ofisi ya kiwanda cha chai karibu na Kiptere. Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba.

"Johana? Wanjuhi hapa, posta ya Kericho. Telegramu ya hao wanaoficha silaha nimeinasa. Ni namba tupu: moja, sifuri, mbili, mbili, moja, moja, saba."

"Milioni na ushee. Maana yake?"

"Bastola na risasi ziko ndani ya masanduku mawili ya chai. Namba za masanduku hayo zimezidishwa pamoja. Chunga huyo Strauch, ame..."

Laini ikakatika.

Johana arap Kimutai aligeuka. Strauch, mnunuzi wa chai ambaye Johana alikuwa akimpeleleza kwa wiki tatu, alikuwa na waya uliokatwa mkono mmoja na bastola mkono wa pili.

"Saa kumi lori nafika," alisema. "Wewe nasafiri ndani ya sanduku."

Joram, mtunza stoo na mshirika wake, akamnyang'anya Johana bastola yake ya Webley na kumsukuma ndani ya stoo. Kufuli likabana.

Kuta za mawe. Dirisha la nondo. Masanduku mia nne ya chai, 801 hadi 1200, yamepangwa hadi darini. Johana alivuta nondo mpaka viganja vikachubuka. Hakuna kilichotikisika. Vita vya Burma alivipona akiwa mpiga simu wa jeshi, lakini kule kulikuwa na msitu wa kukimbilia.

Hapa hapakuwa na pa kwenda.

Akaokota chaki ya kuwekea alama, akapiga magoti sakafuni.

Elfu mara elfu ni milioni. Basi atafute karibu na elfu. Alijaribu 1011 mara 1011. Ikatoka 1,022,121.

Imezidi nne tu!

Nne ni mbili mara mbili. Punguza mbili huku, ongeza mbili kule: 1009 mara 1013. Alijaribu kuzigawa zote mbili kwa tatu, saba, kumi na moja, mpaka thelathini na moja. Hazikugawanyika. Basi hakuna masanduku mengine mawili yanayoweza kuzaa namba ile.

Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Vizuri, kelele zingemficha. Alichomoa kisu kilichofichwa kwenye kisigino cha buti, akabandua bati la 1009. Bastola kumi na mbili za Luger, zimefungwa kwa kitambaa cha mafuta.

Risasi, hata moja haikuwamo.

Sanduku 1013 lilikuwa chini ya mengine manne. Lori likanguruma nje. Aliyashusha moja moja, mgongo ukimwaka, kucha zikivunjika.

Kufuli likafunguliwa.

Strauch aliona Luger, akacheka. "Hiyo hapana risasi."

Johana alifyatua risasi aliyoitoa sanduku 1013. Kofia ya Strauch ikaruka, bastola yake ikaanguka sakafuni. Joram akainua mikono bila kuambiwa.

"Ulijuaje sanduku?" Strauch alinong'ona.

"Darasa la hesabu."

Aliwafungia wote wawili mle ndani, akamtoa dereva kwenye usukani, akaita posta kwa redio ya upepo ya lori.

"Wanjuhi, leta polisi. Wawili wako stoo, mmoja ninaye."

"Umeumia?"

"Kucha tu."

Akainua kola ya koti, akamwelekeza dereva mbele yake, wakashuka polepole kati ya majani ya chai yaliyochanwachanwa na mvua ya mawe.