Mwalimu Loveday Alipobandika Bei Mlangoni

Ndugu zangu wa vilinge vyote, nawaandikia habari ya nyumba moja ya huku kwetu Cornwall. Siisengenyi. Wenye nyumba wenyewe wameniambia, "Waandikie, wasije wakapita tulipopita sisi."

Ilikuwa alasiri ya Alhamisi, mwezi wa Septemba. Mvua ilikuwa imekatika, jiko la makaa linawaka, nami niko mezani kwa Mwalimu Loveday Chenoweth nikinakili Kitabu. Mnaijua desturi yetu sisi watu wa Wika, dini ya uganga na mitishamba: Kitabu cha mwalimu, chenye dawa na ibada zetu, hakiuzwi. Mwanafunzi hukaa ubavuni pa mwalimu wake akakinakili kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, mwaka mzima na siku moja. Ndipo anapoingizwa kilingeni kwa daraja la kwanza, mikono mitupu, bila pete wala sarafu. Ada hakuna. Siku za mafunzo unaleta mkate na mshumaa, basi.

Kalamu yangu mimi ni kobe, lakini Loveday hakunikemea hata siku moja. Siku hiyo nilifika kwenye ukurasa wa kiungamfupa, yale majani ya kumfungia mtu aliyevunjika. Akalifunika daftari langu.

"Simama, mwanangu. Vaa buti."

Akanipeleka mpaka kwenye ua wa shamba, akanishikisha jani. Likanikwaruza vidole. Akanishikisha jingine, pacha wake kwa macho, lakini laini kama sikio la paka.

"Hilo laini ni sumu ya moyo," akasema. "Na hili la kukwaruza hufungwa juu ya ngozi tu. Halinywewi."

"Mbona Kitabu hakisemi hivyo?"

"Waliotutangulia waliyaacha mengine kinywani makusudi. Mwalimu asipate njia ya kuikwepa kazi yake."

Hatujavua hata buti, kasisi wa kanisa akaingia mbio. Digory, mume wa Loveday, fundi wa kuezeka, alikuwa ameteleza kutoka paa la kanisa. Tulimkuta amelala kwenye majani, uso mweupe, mdomo haujanyamaza.

"Usilie, Bi mkubwa," akamwambia mkewe. "Nimeangukia upande wa makaburini. Nusura niwapunguzie kazi."

Paja lilikuwa limevunjika mahali pawili. Fundi wa paa asipopanda, hali. Kufika mwisho wa Oktoba, jiko lile likawa linawashwa jioni tu. Sisi wanafunzi tuliona. Tulikuja na vijimkate vyetu, tukakaa na makoti yetu, tukaisifu subira ya mwalimu, tukaenda zetu. Nalisema mapema: kosa la kwanza lilikuwa letu.

Aliyefungua mdomo ni Clemo, tarishi wa posta na rafiki wa Digory, mtu mzima mwenye moyo mwema. "Mwalimu," alisema, "kasisi analipwa. Yule dada wa yoga analipwa. Wewe ndiye unayeganda kwa heshima?"

Loveday alipiga hesabu siku tatu. Ya nne akabandika karatasi mlangoni. Daraja la kwanza, pauni themanini. Daraja la pili, pauni mia na hamsini. Kitabu, nakala ya fotokopi, pauni thelathini. Mafunzo ni Jumamosi mbili, ukumbi wa kijiji.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe ulianza kwa mkono, malizia kwa mkono," akajibu, asinitazame.

Sitawadanganya, mwanzoni tulifurahi. Jiko liliwaka kutwa. Digory alipata koti jipya, akalivaa ndani ya nyumba kama bwana harusi. Watu walikuja mpaka kutoka miji ya mbali. Ila waliokuja walikuwa wanunuzi. Mama mmoja alipiga hodi kwa ngumi: "Wiki tatu sasa tangu nilipe, mbona mume sijampata?"

Digory akamjibu kutoka kitini, "Mama, mimi huyu hapa. Mguu mmoja, bei ya kuelewana."

Tulicheka sana. Lakini mimi ni mtu wa kutazama, na nililoliona halikunichekesha. Neno la Loveday la kila siku lilikuwa "bado". Bado hujaiva, bado hujaelewa, rudi tena wiki ijayo. Sasa neno hilo likawa linamkwama kooni. Utamwambiaje "bado" mtu ambaye pesa zake umeshazila?

Clemo alilipa kama wengine. Jumamosi mbili, daraja la kwanza, Kitabu cha fotokopi kwapani. Alimpenda Digory kama ndugu, na mguu ule kutopona ulimuuma.

Jumamosi moja ya Novemba, Loveday akiwa ukumbini anafundisha, nilipita kumletea Digory maziwa. Nikamkuta ameinama juu ya ndoo anatapika. Clemo amemshika mabega.

"Binti," Digory akaniambia, "mbona umekuwa manjano? Na ukuta manjano."

Mezani palikuwa na buli. Nikafunua, nikatoa jani lililolowa, nikalipitisha kati ya vidole. Laini.

"Clemo, umechuma wapi?"

"Uani pale. Kiungamfupa. Ukurasa wa arobaini na moja."

"Ulipolishika lilikukwaruza?"

"Hapana! Zuri, laini kabisa."

Mwezi huo kiungamfupa kimeshalala ardhini. Kilichobaki kibichi ni kile kingine, sumu ya moyo inayomfanya mtu aone kila kitu manjano. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa, nikaondoka nalo, jani mkononi, ili daktari asipoteze muda kuuliza. Mapigo ya Digory yalikuwa yakija moja moja, kama mtu anayesita kugonga mlango.

Loveday alifika hospitali na joho lake la kilingeni, watu wanamkodolea macho. Clemo akapiga magoti hapohapo.

"Mwalimu, nimemuua mumeo!"

"Nyanyuka, Clemo. Wewe umesoma nilichokuuzia. Nilikuuzia karatasi, kinywa changu nikakibakiza nyumbani."

Siku mbili moyo ule uliangaliwa kwa mashine, na Loveday hakuondoka kando ya kitanda. Siku ya tatu Digory akafungua macho. "Nileteeni pasti ya nyama kutoka nyumbani," akasema. "Ya humu ndani wameijaza huruma, nyama hakuna." Wauguzi walicheka, Loveday akalia kwa sauti.

Aliporudi aliibandua karatasi. Akawaita wote waliolipa: anayetaka pesa atarudishiwa kidogo kidogo, anayetaka elimu aje na daftari tupu. Wengi walichukua pesa. Clemo alikuja na daftari.

Kisha akatugeukia sisi wa zamani. "Daraja sitauza tena," alisema. "Lakini nanyi mjue. Nilikuwa naganda, mkanitazama."

Wiki ile ile tukapanga zamu: huyu makaa, huyu viazi, yule kodi ya ukumbi. Marhamu zake Loveday huuza sokoni peupe, bei imeandikwa juu ya kopo, na hakuna anayemlaumu, maana kopo ukilinunua linakuwa lako na mambo yamekwisha. Digory anatembea na mkongojo, na kasisi amemwahidi paa lililobaki.

MAFUNZO

Mwalimu anayeuza dawa, mshumaa au muda wa kukutazamia karata hajakosa. Hiyo ni kazi ya mikono yake. Anayeuza daraja amekosa, kwa kuwa ameuza haki yake ya kukwambia "bado", na neno hilo ndilo linalolinda uhai wa watu. Nawe unayetafuta mwalimu, ukimwona hana "bado" kinywani mwake, geuka urudi kwenu.

Elimu ya kilingeni haina bei, lakini anayeifundisha ana tumbo. Mwanafunzi anayesahau nusu ya pili ya maneno haya ndiye anayemfundisha mwalimu wake kuuza.