Njia Salama ya Kumuuza Kidosho

Mthamini wa magari alikuwa ameketi nyuma ya usukani kama mtu anayengoja taa za barabarani zimruhusu. Mikono mapajani, kichwa kimeegemea kioo. Midomo yake ilikuwa myekundu kuliko ya mtu aliye hai. Gari lilikuwa limekunywa petroli yake yote hadi likazima lenyewe.

Simu ililia mfukoni mwa marehemu. Hakuna aliyeipokea. Ikakatika, ikalia tena.

Inspekta alilizunguka gari bila kugusa kitu. Kituoni walimwita Sindano: mwanamke mwembamba, na akiingia mahali lazima paume.

"Moshi, Afande," alisema konstebo. "Kajifungia bandani, kawasha injini, kasinzia. Ajali."

"Na turubai?"

"Turubai gani?"

"Lililoshindiliwa chini ya mlango kwa nje. Alilishindilia akiwa ndani? Basi alikuwa na mikono mirefu kweli."

Konstebo akageuka kuutazama mlango.

Habari za turubai alizitoa aliyeiona maiti kwanza, Mziwanda wa nyumba ile, kijana mwalimu wa udereva. Alifika asubuhi kufungua banda, akalikuta turubai limesokotwa na kukazwa chini ya mlango. Akalisukuma kwa mguu, akafungua, moshi ukamtoa mbio.

Baba yao aliacha watoto watatu na magari matatu ya kale, yale ya bampa zinazong'aa hadi unaweza kujichania nywele. Mwenyewe aliyapa majina: Kobe, Beberu, na huyu wa rangi ya maziwa, Kidosho, aliyekuwa na thamani kuwashinda wenzake wote wawili wakiunganishwa. Tangu arobaini ipite watoto walikuwa wakibishana namna ya kuyauza bila kutapeliwa. Mwishowe wakakubali yakaguliwe, kisha yaende mnadani. Jana mthamini alikuwa amemaliza Kobe na Beberu. Kidosho alimwacha wa mwisho.

Inspekta aliinama dirishani. Kwenye dashibodi palikuwa na kipini cheusi. Mafundi hukiita choki. Injini ya kizamani ikiwa baridi unakivuta nje ili iwake. Ikipata joto unakirudisha ndani kidogo kidogo. Ukikisahau, injini inapaliwa na mafuta na kuzima.

Kipini kilikuwa ndani kabisa.

"Daktari aliyechukua damu mapema amepiga," alisema konstebo. "Kwenye damu kuna moshi na kuna dawa ya usingizi. Nyingi."

"Umesikia hiyo? Mtu aliyelala fofofo, halafu choki ikarudi yenyewe."

"Kwa hiyo kuna mtu aliyewasha."

"Akakaa hapa, mlango ukiwa wazi, pembeni ya mwenzake aliyelala, akingoja injini ipate joto. Halafu ndiyo akafunga." Inspekta alijipangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. "Huyo anaijua injini hii kama anavyolijua jiko lake."

Kaka Mkubwa, mfanyabiashara wa saruji, hakukubali kukaa. Alipima sebule kwa hatua, dirishani hadi kabatini, kabatini hadi dirishani.

"Nani anajua kumwasha Kidosho?"

"Sisi sote watatu. Baba alitufundisha kabla hatujajua kufunga kamba za viatu."

"Wewe ulitaka yauzwe vipi?"

"Mnada, mama. Mthamini anakagua, mnunuzi analipa benki, kadi za umiliki zinabadilishwa mbele ya wakili. Hiyo ndiyo njia salama. Haina kona."

"Wenzako?"

"Mziwanda hakutaka yauzwe kabisa. Yule mtoto bado. Dada yetu ndiye alinishangaza. Alitaka tumpe Dalali Fasta yote matatu, fedha mkononi, hakuna karatasi. Nikamwambia, dada, yule ukimwazima kivuli hakirudishi!"

"Na jana ulikuwa wapi?"

"Hotelini nilikofikia, na watu wa mnada, hadi usiku. Waulize." Akasimama dirishani. Sauti ikashuka. "Sipendi kumchomea mdogo wangu, yule Mziwanda."

"Lakini?"

"Kabla sijaondoka nilimsikia akimwambia mthamini, 'Kagua hayo mawili. Hili liache kama lilivyo.' Yule bwana akakataa. Mdogo wangu akabamiza mlango, nusura auvunje."

Mziwanda hakukana.

"Kwa nini ulitaka amwache Kidosho?"

Kijana aliinama kukaza kamba ya kiatu iliyokuwa imekazwa tayari.

"Ulijua nini?"

"Siwezi kusema, Afande."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili."

"Ulikuwa wapi jana jioni?"

"Nilikuwa natembea. Nilikuwa na hasira."

"Na nani?"

"Na hasira zangu."

"Alama za vidole vyako ziko mlangoni. Umegombana na marehemu. Gari unalijua. Unaionaje picha hiyo?"

Kijana alitabasamu kidogo, tabasamu la kusikitisha. "Hata mimi ningejikamata."

Wakamkamata. Walipokuwa wakimwingiza garini, Dada wa Kati alichomoka jikoni, miguu mitupu, akaung'ang'ania mlango wa gari la polisi.

"Mdogo wangu huyu? Hata mende anamtoa nje kwa karatasi! Nimemlea mimi, mama alikufa huyu akiwa anatambaa! Afande, mwachieni!"

"Dada, ingia ndani," alisema Mziwanda. "Utaumia miguu."

Mchana ule Inspekta hakula. Alifungua faili, akalifunga. Alisimama, akakaa, akasimama. Kesi ilikuwa imekamilika, na ilimwasha mwilini kama upupu.

"Afande, mtu tunaye," alisema konstebo.

"Tunaye mtu. Sababu hatuna. Anataka gari lisikaguliwe, sawa. Kwa nini? Washa gari, turudi."

Bandani alifungua boneti ya Kidosho. Kila kitu kilikuwa na vumbi la miaka, mafuta yamegandia hadi yamekuwa ngozi. Ila boliti zinazoshikilia injini zilikuwa zimekwaruzwa na spana, na mikwaruzo iling'aa.

Dada wa Kati aliwafungulia mlango wa jikoni baada ya kufungua kufuli tatu. Alikiomba kitambulisho cha Inspekta, akakisoma mbele na nyuma, ingawa asubuhi alikwishakisoma. Alikuwa karani wa shule, na miaka yote ya ugonjwa wa baba ni yeye aliyekaa naye.

"Wewe ni mwangalifu," alisema Inspekta.

"Dunia imeharibika, mama. Mtu hujui nani ni nani."

"Jana jioni ulikuwa hapa na mthamini, wawili tu. Injini hukuisikia?"

"Niliisikia. Nikadhani anaijaribu. Nikalala."

"Mwangalifu kama wewe, ukalala na mgeni bandani?"

"Nilichoka."

"Na magari ulitaka apewe Fasta kwa sababu ulichoka pia?"

"Nilitaka yaishe."

"Aliyechoka angefunga kufuli moja." Inspekta aliinuka. "Kaka yako nimemwelewa, mdogo wako anafunga mdomo. Ila wewe, unayekagua kitambulisho mara mbili, katika njia zote za kuuza ulichagua ya hatari kuliko zote. Hapo ndipo pananisumbua."

Dada wa Kati aliitazama sakafu. Alikuwa na uso wa mtu anayesikia maji yakichemka chumba cha pili na hawezi kwenda kuyazima.

Dalali Fasta walimkuta kwenye kibanda cha mabati, katikati ya magari yaliyokatwa vipande, kijiti mdomoni.

"Afande! Umechelewa kuja. Nina kitu hapa, ukikiendesha majambazi wanajisalimisha wenyewe."

"Nimekuja kuulizia injini."

"Ninazo za kila ukoo, mama yangu. Ipi?"

"Ya Kidosho. Uliyomfungua."

Kijiti kikasimama. Konstebo alimtupia jicho bosi wake: alijua ametupa ndoano bila chambo.

"Ile," alisema Fasta, "ilikuwa biashara halali."

"Sijasema haramu. Nani alikuuzia?"

"Dada mtu. Mzee bado alikuwa hai, lakini hoi. Kuna mteja wangu ng'ambo ana gari la ukoo uleule, alikuwa anaitafuta kwa tochi. Tukaitoa siku mzee yuko hospitali, nikamfungia nyingine. Nzuri tu! Inatembea!"

"Lakini si yake ya kuzaliwa."

"Basi hapo ndipo thamani inapofia, Afande. Gari la kale bila injini yake ni bibi harusi wa kukodi. Mnada wowote wakisoma namba ya injini wanajua. Ndiyo maana dada akataka mimi ndiye niuze. Mimi sisomi."

"Na ndugu zake?"

"Walikuwa wapi hao? Mimi niliwaona msibani tu."

Alipofika kituoni, Inspekta alimkuta Dada wa Kati kwenye benchi, akiwa na shuka na mswaki kwa ajili ya mdogo wake. Akamwingiza ofisini. Dirisha lilitazama uwanjani, ambako karandinga lilikuwa likinguruma, mahabusu wakipanda mmoja mmoja kwenda mahakamani.

"Mdogo wako ni yule wa nne," alisema Inspekta. "Shtaka la mauaji. Halina dhamana."

"Hakufanya!"

"Nimetoka kwa Fasta."

Mswaki ukaanguka. Hakuuokota.

"Mdogo wako anajua kitu na amekataa kukisema," aliendelea Inspekta. "Atakwenda nacho gerezani. Nadhani wewe unakijua zaidi. Hulazimiki kusema neno, na ukisema litaandikwa na kutumika mahakamani."

Nje, mlango wa karandinga ulilalamika. Mziwanda aliweka mguu kwenye ngazi.

"Mshushe," alisema Dada wa Kati. "Mshushe kwanza. Nitasema."

Inspekta alipiga kioo, akatoa ishara. Mlango ulibaki wazi.

"Figo za baba zilikuwa zimekwisha," alisema dada. "Kusafishwa damu kila wiki. Kaka nilimpigia, akasema biashara ngumu, tumwachie Mungu. Mziwanda ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi, sikutaka ajue. Nikauza vya kwangu, vikaisha. Nikatazama lile banda. Gari zima likikosekana ingejulikana. Injini, nikasema, nani atafungua boneti?"

"Baba yako alijua?"

"Nilimwambia amelipiwa na kazini kwangu. Kila Jumapili nilimsukuma kwa kiti hadi bandani, namwashia Kidosho, asikilize. Alikuwa anafumba macho. Nilifunga injini nyingine ili asiikose ile sauti."

"Jana."

"Mthamini alifungua boneti akanitazama. 'Dada, hii siyo yake.' Nikamweleza yote. Nikamwomba aseme tu gari halifai mnada, basi. Akasema, 'Pole sana, dada, ila asubuhi nitawaambia wote. Nikificha hili, kazi yangu imekufa.' Alikuwa mtu mwema. Aliniambia pole." Akajifuta uso kwa shuka la mdogo wake. "Nikaenda kumchemshia chai. Vidonge vya baba vya usingizi vilikuwa bado kabatini. Akanywa akiwa ameketi garini, anakagua mita. Akalala."

"Halafu ukawasha."

"Nikawasha. Nikakaa naye hadi injini ikatulia."

"Kwa ajili ya injini? Ndugu zako wangekupiga? Wangekushtaki?"

"Kaka aniite mwizi, aniite tu, amezoea mdomo. Ila yule mtoto." Alionyesha dirisha. "Mimi ndiye nilimfundisha kutochukua hata kiberiti cha mtu. Nilisema, huyu asinione mimi mwizi wa mali ya baba. Mwingine yeyote. Siyo huyu."

Alitia sahihi.

Inspekta alitoka koridoni, ambako Mziwanda alikuwa amesimama kati ya askari wawili, pingu bado mkononi. Akamwambia kwa kifupi, bila kumung'unya maneno. Kijana aliegemea ukuta.

"Sasa niambie," alisema Inspekta. "Wewe ulikuwa unaficha nini?"

"Hilo hilo. Injini."

"Ulijua?"

"Baba alijua, Afande. Jumapili ya kwanza tu. Dada alipowasha, baba alinishika mkono, akaninong'oneza: 'Huyu siye Kidosho. Dada yako ameuza kitu ili mimi nipumue. Usimwambie kwamba najua, ataona haya.' Akaniapisha. Kila Jumapili alikuwa akifumba macho na kutabasamu, kwa ajili yake." Akajifuta macho kwa mikono yenye pingu. "Nilimwomba mthamini aliache ili dada asiaibike mbele ya kaka. Sikuwaza kwamba naye... Mimi sikuwahi kumwona mwizi. Siku hata moja."

Inspekta alimfungua pingu. Kwa muda alizishika bila kujua aziweke wapi.

"Naweza kumwambia?" aliuliza kijana. "Kiapo cha baba, hivi sasa kina maana gani tena?"

Inspekta alisukuma mlango.

Dada wa Kati aliinua uso. Alipomwona mdogo wake hana pingu alitaka kucheka, akashindwa. Kijana alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika mikono yote miwili.

"Dada, baba alikuwa anajua. Na mimi nilikuwa najua."

"Mnajua nini?"

"Injini. Tangu ulipoiwasha mara ya kwanza. Alisema uliuza ili apumue. Alikuombea dua kila usiku."

Dada alimtazama kijana, akamtazama Inspekta, kama mtu anayetafuta aliyedanganya. Mezani, simu ya mthamini, iliyokuwa imefungwa kwenye mfuko wa vielelezo, ilianza tena kulia. Kiooni palitokea jina Mke Wangu.

Wote watatu waliitazama hadi ikanyamaza.

"Basi yule baba wa watu," alisema Dada wa Kati, "nimemuulia nini?"