Kiwanja cha Udongo Mwekundu

Udongo ulikuwa na joto. Athanas aliuchota tena kutoka chini ya mtaro wa msingi, akaufinya kiganjani. Jua lilikuwa halijafika huko chini. Lile lilikuwa joto la mwili wa mtu.

Alikuwa fundi mwashi. Mwaka ule wa Operesheni Vijiji yeye, mkewe Eugenia na binti yao mdogo, Wilhelmina, walihamishiwa Gwata, wakajibana kwenye kibanda cha makuti, na nyumba ilitakiwa isimame kabla ya masika. Juu, kiwanja chao kilikuwa mchanga mtupu. Chini alikuta udongo mwekundu, mgumu, ambao fundi yeyote angeufurahia. Aliulowesha, akafinyanga donge, akaliweka kwenye ubao aone kama likikauka litapasuka.

Halikupasuka. Lakini aliporudi lilikuwa na alama za vidole, virefu kupita vyake, vyembamba.

"Mama Mina, nani kashika udongo wangu?"

"Nani aushike, na mimi niko jikoni tangu asubuhi?" Eugenia alinusa. "Mbona kunanukia udi?"

Adhuhuri, jua likiwa utosini, Athanas alishuka na mtaimbo kupima ugumu wa chini. Akapiga. Ardhi ikakataa. Akapiga tena, na kabla hajauinua mtaimbo kitu kikapiga kutoka chini, pale pale kwenye ncha, kwa nguvu ile ile, pigo likapanda na chuma mpaka viwikoni, na alipojaribu kujiambia kuwa ni jiwe limeteleza kikapiga tena, na tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi huku akijua wenyewe wamo ndani.

Alipanda juu mbio, lakini hakumwambia mkewe. Mwenyekiti wa kijiji alishatangaza kwamba atakayekataa kiwanja kwa habari za majini atahesabiwa mpinzani.

Kesho yake walimkuta Wilhelmina mtaroni, mdomo mwekundu, anatafuna udongo.

"Mina! Nani kakwambia ule huo?"

"Mama wa humu. Ananilisha."

Jioni mtoto akawaka homa, akawa mzito hata kitanda cha kamba kikalia, na midomo yake midogo ikaanza kunong'ona kwa sauti ya mwanamke mzima, bila kupumzika, bila kuvuta pumzi: "Paa langu. Nirudishieni paa langu."

Jirani yao Zubeda alikwenda kumwita Bi Mwanamvua, mganga mzaliwa wa kijiji cha Kurui.

"Shikamoo, bibi," Athanas alisema.

"Marahaba." Mganga aliinamia kinywa cha mtoto, akasikiliza. "Mmemtoboa mtu paa. Mrudishieni udongo wake wote, hata wa kwenye kucha."

Eugenia, ambaye hakosi misa, ndiye aliyetangulia kushika jembe. Walifukia, wakafagia, wakakung'uta nguo, wakakwangua majembe. Donge la mwisho lilipoingia mtaroni, Wilhelmina alitapika tope jekundu, akaomba uji.

Mwenyekiti aliwacheka, lakini kwa kuwa kijiji kilihitaji fundi, akawapa kiwanja kingine mwisho wa kijiji. Huko udongo ulikuwa mbovu. Ungehitaji msingi mpana na mawe mengi. Athanas alishuka shimoni, akaunusa. Haukunukia kitu.

"Baba Mina, unafaa?" Eugenia aliuliza kutoka juu.

"Unafaa," alisema, machozi yakimlengalenga.

Asubuhi moja lori lilileta familia nyingine. Athanas alipopata habari wamepewa kiwanja kipi, alikimbia bila viatu. Alimkuta mwanamume mgeni ameshazama kiunoni, anachimba kwa furaha.

"Karibu, fundi! Kazi imekuwa nyepesi. Dada yenu ametusaidia sana."

"Dada gani?"

Mgeni alishangaa. "Huyo uliyesimama naye."

Athanas hakugeuka. Alipiga goti ukingoni, polepole, akamnyooshea mkono.

"Toka humo, ndugu yangu," alinong'ona. "Nishike mkono, utoke sasa hivi."