Mama, Inashika?

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta, na tangu siku hiyo hajashika bisibisi.

Aliitwa alasiri na mama mjane anayeishi peke yake. Bintiye alikuwa anaingizwa chumba cha upasuaji ng'ambo, na mama alitaka waonane kwa video kwanza, lakini laptopu yake ilikuwa haipati Wi-Fi. Fundi alichomeka kifaa kidogo cha kunasa Wi-Fi kwenye tundu hili na lile la laptopu, wapi! Mwishowe akakiunganisha na laptopu kwa waya mrefu, akakitupa ndani ya stoo yenye giza, iliyopakana na jirani mwenye mtandao.

“Mama, inashika?” akauliza akiwa mlangoni pa stoo, waya mkononi.

“Haishiki, mwanangu. Na muda ndio huo unaisha.”

Gizani kifaa kikasikika kikikwaruza sakafu, kikienda mbali naye. Waya ukakazika mkononi.

“Inashika?”

“Bado!” mama akapaza sauti kutoka sebuleni.

Stoo ikajibu taratibu: “Nimeshika.”